Mechi ambayo mshindi wake tunamjua

Arthur Ashe alimshinda Clark Graebner kwa 4-6, 8-6, 7-5, 6-2. Ilikuwa nusu fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, huko Forest Hills, New York, Septemba 1968. Naandika matokeo hapa juu kabisa kwa sababu kila anayefungua kitabu cha John McPhee, Levels of the Game, anayajua tayari, au anaweza kuyajua kwa dakika moja akiwa na simu mkononi. Hata hivyo kitabu hicho kilichotoka 1969 kinasomwa mpaka leo, hata na watu kama mimi ambao hawajashika raketi maishani mwao.

Wenzangu wa kitivo wamenicheka. Mtu wa isimu ya lugha za Kiafrika, mwenye memwari ya kumaliza, anakaa na vitabu vya tenisi vya Wamarekani, kamusi ya Kiingereza pembeni? Na mwalimu mmoja, nilipomwambia kwamba vitabu vya aina hii vinastahili nafasi katika somo la masimulizi, alinijibu kwa ufupi kuwa hayo ni magazeti yaliyovalishwa jalada gumu. Jibu linachekesha, nami nilicheka. Lakini nadhani si kweli, na nyuma ya mzaha huo kuna swali linalotuhusu sote katika oditwari zetu: ni masimulizi ya nani tunayakubali kuwa matini ya kuchunguzwa, na ya nani tunayaacha yapotee hewani?

Tuanze na neno lenyewe. Etimolojia inayokubalika zaidi inasema tenisi imetokana na Kifaransa tenez, yaani "shikeni", "haya, pokeeni", maneno ambayo mchezaji wa zamani alimtahadharisha nayo mwenzake kabla ya kumpigia mpira. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa kila siku tunapita juu ya neno hili bila kulisikia. Jina la mchezo, kwa hiyo, ni kitenzi katika hali ya amri, kinachoelekezwa kwa nafsi ya pili. Ni usemi unaodai jibu.

Katika pragmatiki tunasoma makala ya Sacks, Schegloff na Jefferson ya 1974 kuhusu jinsi watu wanavyopokezana zamu katika mazungumzo. Kuna semi zinazokuja mbilimbili: hodi na karibu, swali na jibu, salamu na itikio. Ukisikia ya kwanza ukanyamaza, kunyamaza kwako nako kunasema kitu. Tenisi huenda hivyo hivyo, ila kwa tofauti moja kubwa: kila anayepewa zamu anataka mwenzake akose la kujibu. Jamaa yake wa karibu basi si maongezi ya barazani bali kitendawili, ambapo anayetega hufurahi mwenzake anaposhindwa kutegua. Tena, kama kitendawili, hakitegwi na mtu peke yake.

Hapo ndipo naona sababu ya kwanza ya vitabu hivi kupendwa. Katika soka kuna watu ishirini na wawili, na mwandishi hulazimika kuwaacha wengi wao bila uso. Katika tenisi wapo wawili tu, hawawezi kukwepana, na hakuna anayewasaidia. Zaidi ya hayo, katika mechi ya tenisi muda mwingi hupita mpira ukiwa hauchezwi. Mtu anatembea, anajifuta jasho, anadundisha mpira, anatazama chini. Mtazamaji wa televisheni huchoka wakati huo. Mwandishi ndiyo nafasi yake.

McPhee aliielewa nafasi hiyo kuliko wote niliowasoma. Kitabu chake kinaanza Ashe akiinua mpira hewani ili aanzishe pointi, na kitendo hicho kidogo kinamtosha kutufungulia maisha mazima. Muda si muda tupo Richmond, Virginia, ambako baba yake Ashe alikuwa mtunzaji wa uwanja wa michezo wa watu weusi, na ambako mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka sita. Tunakwenda Lynchburg kwa daktari Robert Walter Johnson, aliyewafundisha watoto weusi kucheza bila kubishana: mpira ukitoka nje kidogo tu ya mstari, urudishe kana kwamba uko ndani, asije mzungu akakuita mwongo. Kisha tunarudi uwanjani, na pointi inaendelea. Upande wa pili wa wavu yuko Graebner, mtoto wa pekee wa daktari wa meno wa Ohio, naye anapewa ukurasa kwa ukurasa sawa na mshindani wake.

Msomaji wa Afrika ya Kati anaweza kumkumbuka Ashe kwa jambo jingine: ndiye aliyemwona mtoto Yannick Noah akicheza Yaoundé mwaka 1971 na kuwaarifu Wafaransa. Noah akaja kushinda Roland-Garros mwaka 1983. Wengi wetu tulimjua kwanza kama mwimbaji. Naomba radhi kwa kutoka njiani, lakini nimegundua kwamba jina hilo huwafanya wenzangu waache kunicheka kwa dakika mbili.

Nirudi kwenye hoja. Mawazo ya ndani tunayoyasoma katika Levels of the Game McPhee hakuyabuni. Alipata filamu ya televisheni ya mechi hiyo, akakaa na wachezaji wakiitazama, akawauliza walikuwa wakifikiri nini kwa kila pigo. Mwanaisimu yeyote aliyekwenda uwandani atalitambua jambo hili mara moja. Unamrekodi msimulizi, unamrudishia sauti yake, unasimamisha, unauliza: hapa ulimaanisha nini? Kwa nini ulichagua neno hili na si lile? Tunachoita mbinu ya kukusanya data, yeye aliitumia kwa tenisi, na hakupata alama ya somo kwa hilo.

Sasa tuangalie nyakati za vitenzi, maana hapa ndipo nilipoanza kuviona vitabu hivi kuwa kazi yetu. McPhee anasimulia mechi kwa wakati uliopo. Ashe anainua mpira, anapiga, anasogea mbele. Maisha ya nyuma yanasimuliwa kwa wakati uliopita. Mgawanyo huo ndio unaofanya kazi ya kutusahaulisha matokeo. Baba mwenye ufunguo wa uwanja, daktari wa Lynchburg, kiti cha daktari wa meno, hayo yote yamekwisha, hayawezi kubadilika. Mpira tu ndio haujatua. Najua kwamba Ashe atashinda, na bado seti ya pili inapofika 6-6 mkono wangu unatoka jasho, kwa sababu sarufi imeniweka mahali ambapo kushinda bado hakujatokea.

Tenisi yenyewe inaisaidia sarufi hiyo kwa sababu haina saa. Timu ya soka inayoongoza kwa mabao matatu dakika ya 88 imeshamaliza kazi; muda utaifanyia yaliyobaki. Mchezaji wa tenisi hapewi zawadi hiyo. Hata akiongoza vipi, pointi ya mwisho lazima aishinde yeye mwenyewe. Mwaka 2019 Roger Federer alishinda pointi 218 katika fainali ya Wimbledon na Novak Djokovic 204. Federer alikuwa na pointi mbili za kumaliza mechi mkononi, akashindwa. Mfumo wa hesabu unaoruhusu mwenye pointi nyingi ashindwe umetengenezwa kama na mtu wa hadithi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko katika A Terrible Splendor cha Marshall Jon Fisher. Tarehe 20 Julai 1937, uwanjani Wimbledon, Marekani na Ujerumani zilikuwa sare 2-2 katika Kombe la Davis. Mechi ya kuamua ilikuwa kati ya Don Budge na Gottfried von Cramm. Cramm alichukua seti mbili za mwanzo, 8-6 na 7-5. Budge akarudisha mbili. Katika seti ya tano Cramm akaongoza 4-1. Budge alishinda 8-6. Cramm alikuwa Mjerumani wa ukoo wa kibwanyenye aliyekataa kujiunga na chama cha Wanazi. Aliwahi kuwa na uhusiano na kijana Myahudi, na mnamo Machi 1938 alikamatwa kwa sheria iliyokataza mapenzi ya wanaume kwa wanaume, akafungwa. Aliyekuwa akiifundisha timu ya Ujerumani siku ile ya 1937 ni Mmarekani, Bill Tilden, bingwa wa zamani aliyeficha siri ya namna hiyo hiyo. Msomaji anayajua haya kabla Cramm hajafika 4-1. Kila pigo lake linabeba uzito ambao watazamaji wa siku ile hawakuweza kuuona wote.

Nilipofika kwenye 4-1 nilifikiri juu ya Mwindo. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu, uliosimuliwa na Candi Rureke kwa siku kumi na mbili na kuchapishwa na Biebuyck na Mateene, ulitoka mwaka 1969, mwaka ule ule wa kitabu cha McPhee. Ndani yake kuna mechi. Mwindo akiwa kuzimu, akimfuata baba yake, anacheza mchezo wa kamari wa wiki na Sheburungu. Anapoteza mali, anapoteza watu wake, karibu anabaki mtupu, kisha anaweka fimbo yake ya mkia, ile conga, na anarudisha kila kitu. Hakuna Mnyanga aliyekuwa akisikiliza ambaye hakujua kwamba Mwindo atarudisha. Walikaa wakasikiliza, wakaimba na kuitikia. Hakuna mwalimu katika kitivo chetu anayesema kwamba utendi huo hauna thamani kwa kuwa mwisho wake unajulikana. Kwa nini basi 4-1 ya Wimbledon iwe gazeti, na wiki ya kuzimu iwe fasihi? Mtu akinijibu kwamba moja ilitokea kweli na nyingine haikutokea, nitamuuliza tangu lini ukweli umekuwa kasoro ya simulizi.

Sisemi kila kitabu cha mechi ni kizuri. Mwaka 2009 vilitoka viwili, hicho cha Fisher na Strokes of Genius cha L. Jon Wertheim kuhusu fainali ya Wimbledon ya 2008, na kila kimoja kwenye jalada lake kinadai kwamba mechi yake ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kuchezwa. Mwaka mmoja, mechi mbili, ukubwa wote kwa kila moja. Hayo ni maneno ya duka la vitabu. Fainali ya 2008 ilikuwa nzuri kweli: Rafael Nadal 6-4, 6-4, 6-7, 6-7, 9-7, saa nne na dakika 48, mvua ikisimamisha mchezo, giza likiingia kwenye uwanja ambao wakati huo haukuwa na paa la kufunga. Federer alikuwa amechukua kombe hilo mara tano mfululizo. Nilikisoma kwa raha, lakini nilikifunga bila kubaki na mtu yeyote kichwani. Wachezaji wale tayari walikuwa watu wa matangazo, wamehojiwa mara elfu, na kila jibu lao limelainishwa kama jiwe la mtoni. McPhee alikutana na vijana wawili, mmoja luteni wa jeshi ambaye hakuruhusiwa hata kuchukua fedha za ushindi kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa.

Wala urefu hautoshi. Mwaka 2010 John Isner na Nicolas Mahut walicheza Wimbledon kwa siku tatu, saa kumi na moja na dakika tano, na seti ya mwisho ikaisha 70-68. Kila anayeisikia hushangaa. Lakini jaribu kuisimulia. Anaanzisha huyu, anashinda gemu. Anaanzisha yule, anashinda gemu. Na tena, na tena. Namba ni kubwa sana ila hakuna kinachogeuka. Ni kitendawili kimoja kilichotegwa mara mia na kuteguliwa mara mia.

Na McPhee mwenyewe simfuati kila mahali. Anataka kutuonyesha kwamba mtu hucheza alivyo: Graebner ni mhafidhina, basi tenisi yake ni ngumu, ya nguvu, isiyobahatisha, Ashe ni mtu huru wa mawazo, basi anapiga mipira ya ajabu ambayo mwingine asingethubutu. Ni wazo tamu, na wachezaji wenyewe wanasaidia kulijenga, kila mmoja akimweleza mwenzake. Lakini sisi tumeonywa mara ngapi kuhusu utamu wa aina hii? Tumeambiwa tujihadhari na anayesema kwamba kabila fulani halina wazo la wakati ujao kwa sababu lugha yake haina kiambishi cha wakati ujao. Kutoka kwenye umbo hadi kwenye roho ni safari ndefu, na McPhee mara nyingine anaikata kwa kuruka mto. Kinachomwokoa ni kwamba Graebner, aliyeshindwa, yumo mpaka pointi ya mwisho akiwa na sauti yake, na anaruhusiwa kukataa picha anayochorwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonirudisha nyumbani. Sisi Wakongo tunayo mechi yenye kitabu maarufu duniani. Tarehe 30 Oktoba 1974, uwanja wa 20 Mei, Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane, na mwaka uliofuata Norman Mailer akatoa The Fight. Mailer anapokuwa ulingoni anaandika vizuri mno. Raundi zile nane ningeziweka kwenye somo lolote la masimulizi. Anapotoka ulingoni kututazama sisi, anakuja na kitabu cha Padri Tempels cha 1945, Filosofia ya Kibantu, na anatusoma kupitia humo: nguvu, roho, uchawi. Watu waliokuwa wakipiga kelele Ali boma ye kwa Kilingala wanabaki kelele. Hakuna aliyewaketisha mbele ya filamu akawauliza mmoja mmoja: katika raundi ya tano, Ali akiwa ameegemea kamba na kupigwa, ninyi mlifikiri nini? Mliendelea kuimba kwa imani au kwa hofu? Ni kitabu chenye wachezaji wawili na upande mmoja tu wa wavu.

Simlaumu Mailer peke yake. Yeye alikuja, akaandika, akaondoka. Sisi tuliokuwa hapa tumeandika nini? Chukua mechi ambayo watu wa Lubumbashi husimulia mpaka leo. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, TP Mazembe ilikutana na Internacional ya Porto Alegre katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kabangu akafunga dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85, na kwa mara ya kwanza klabu isiyo ya Ulaya wala Amerika ya Kusini ikaingia fainali. Siku nne baadaye Inter ya Milano ilishinda 3-0, lakini hakuna anayesimulia hiyo. Nilikuwa mtoto, na mechi ile nimeisikia mara nyingi kuliko nilivyoitazama. Nimeanza kusikiliza namna inavyosimuliwa. Wasimulizi huanza na -li-: tulikuwa kwa jirani, umeme ulikuwa unakuja na kuondoka. Mpira ukimfikia Kabangu, -li- inakufa. Kabangu anapokea, anageuka, anapiga. Kisha mtu anakaa chini na kurukaruka kwa makalio kama kipa Kidiaba, na hapo hakuna kiambishi cha wakati kabisa. Hakuna aliyewafundisha mgawanyo ule wa McPhee.

Soka si tenisi, najua, na nimesema mwenyewe kwamba watu ishirini na wawili ni wengi kwa kitabu kimoja. Ndiyo maana ningependekeza kwa anayetafuta mada ya memwari asichukue mechi nzima. Achukue dakika thelathini na mbili, tangu bao la kwanza hadi la pili, wakati Mazembe wakiongoza na saa ikienda polepole kuliko saa yoyote ya tenisi. Apate filamu, ipo. Awaketishe waliocheza, na waliokuwa wakitazama mitaani, kila mmoja kwa Kiswahili chake na Kifaransa kilichochanganyika humo, asimamishe picha, aulize. Na mtu mwingine, mwenye Kireno, amtafute yeyote kati ya wale waliokuwa upande wa pili, amuulize alikuwa akiwaza nini alipomwona Kidiaba anarukaruka kwenye nyasi.